Nyama ya Chicago ndani ya mkate: mwongozo kamili wa kuichoma, kuikata, kuitosa na kujua kilichomo

Tuanze na kisu. Ukiniuliza siri ya sandwichi ya Chicago ambayo wenyeji huiita Italian beef, sitakutajia oregano wala kitunguu saumu. Nitakuuliza kisu chako umekinoa lini. Nyama yenyewe ni ya paja la ng'ombe, ngumu, haina mafuta ya kuilainisha. Kinachoifanya iliwe ni kukatwa nyembamba hivi kwamba ukiinua kipande dirishani unaona mwanga upande wa pili. Vipande hivyo huzamishwa kwenye mchuzi mwepesi wa moto, vikashindiliwa ndani ya mkate mrefu, na mara nyingi mkate nao hutoswa mzimamzima kwenye mchuzi uleule kabla hujakabidhiwa.

Nimekaa viungani mwa Chicago miaka ya kutosha kuharibu mashati mawili kwa chakula hiki. Hapa chini nimeandika ninavyokipika jikoni kwangu, pamoja na unavyoweza kukipika ukiwa Tanga au Kisumu, na mahali chumvi inapojificha.

Harusi za karanga

Kwa zaidi ya miaka mia, Chicago ilikuwa machinjio ya Marekani. Uwanja mkubwa wa mifugo, Union Stock Yards, ulifunguliwa siku ya Krismasi ya 1865 upande wa kusini wa mji na haukufungwa mpaka 1971. Treni zilishusha ng'ombe na nguruwe kutoka magharibi na kuondoka na nyama. Wahamiaji wa kila taifa walipata kibarua humo, wakiwemo Waitaliano, ambao wengi wao walitoka vijiji vya kusini mwa Italia ambako nyama ya ng'ombe haikuwa chakula cha kila siku. Steki laini zilikwenda kwa wenye pesa. Kwa mfanyakazi zilibaki sehemu ngumu, zile za misuli iliyotembea sana.

Sasa binti anaolewa na mfuko ni mwembamba. Harusi inafanyika nyumbani au kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, na kwa sababu wageni walitengewa karanga badala ya karamu kubwa, shughuli hizo zikabatizwa jina hilohilo: harusi za karanga. Kipande kimoja cha nyama kilichomwa taratibu, kikakatwa kama karatasi, kikarudishwa kwenye mchuzi wake, kikatandazwa juu ya mikate mingi. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi kwetu anajua hesabu hiyo. Sisi kilo chache za nyama tunazificha kwenye sufuria la pilau. Wao walizificha kwenye mkate.

Kutoka ukumbini ikaingia barabarani. Pasquale Scala, aliyeanzisha biashara yake ya nyama mwaka 1925, hutajwa miongoni mwa walioieneza. Kibanda cha Al's kilianza mwaka 1938 katika kitongoji cha Waitaliano. Johnnie's kule Elmwood Park ni cha 1961, na Mr. Beef wa mtaa wa Orleans ni wa 1979. Nani alikuwa wa kwanza, hapo familia bado zinabishana na mimi siingilii. Kilichobadilika karibuni ni kwamba tangu 2022 tamthilia moja ya televisheni iliyowekwa ndani ya kibanda cha namna hii imewafanya watu wa nje ya jimbo wapange foleni pia.

Usiichanganye na ndugu zake. Los Angeles wana yao, mkate wa nyama unaochovywa mchuzi lakini bila viungo vya Kiitaliano. Buffalo wana nyama juu ya mkate uliomwagiwa chumvi ya mawe na kisibiti, na mzizi mkali unaopanda hadi puani. Zote ni nyama ya ng'ombe ya moto ndani ya mkate, ila hii ya Chicago ndiyo iliyolowa kuliko zote.

Ukifika dirishani

Foleni inakwenda haraka na anayepokea oda hana muda wa kukufundisha, kwa hiyo jiandae. Utaulizwa mambo mawili: mchuzi na pilipili.

Kwa mchuzi, "dry" ni nyama iliyokamuliwa kidogo kabla ya kuwekwa kwenye mkate, "wet" ni mkate ulioongezwa mchuzi kwa upawa, na "dipped" ni mkate wote kutumbukizwa. Kwa pilipili, "sweet" ni hoho za kijani zilizochomwa zikalainika. "Hot" ni giardiniera, ambayo kwa Mpwani sina haja ya kuieleza sana: ni achari. Karoti, koliflawa, seleri na pilipili kali zilizolowekwa chumvi na siki, kisha zikawekwa kwenye mafuta. Italia yenyewe hubakia na siki tu. Mafuta ni mtindo wa Chicago.

Ukisikia "combo", hiyo ina soseji ya Kiitaliano ndani, na soseji hiyo kwa kawaida ni ya nguruwe. Ukiwa Mwislamu, kutoagiza combo pekee hakutoshi. Uliza kama koleo na mchuzi vinashirikiana na soseji, na nyama imechinjwaje. Wakatoliki nao wana lao: Ijumaa za Kwaresima vibanda vingi huuza mkate wa mayai na hoho, kwa mkate uleule.

Kisha kuna kusimama. Mara ya kwanza niliipokea "dipped" nikaanza kutembea nayo kama mtu anayekula andazi. Hatua tatu, sehemu ya chini ya mkate ikaachia, na nusu ya chakula changu ikaangukia kwenye koti. Mzee mmoja pembeni hakucheka hata kidogo. Alinionyesha tu: miguu nyuma, viwiko juu ya kaunta, mwili umeinama mbele, mkate juu ya karatasi yake. Kinachodondoka kinadondokea karatasini. Hiyo ndiyo staili yao, na ukishaijua huhitaji leso tano.

Siku ya kwanza: bucha na moto

Vipimo hivi vinatoa mikate tisa hivi. Utahitaji:

- nyama ya paja la nyuma, mnofu bila mfupa, kilo 1.5
- chumvi vijiko 2 vya chai
- oregano kavu vijiko 2 vya chai, mrehani mkavu kijiko 1
- pilipili manga ya kusaga kijiko 1, pilipili kavu nusu kijiko
- punje 6 za kitunguu saumu na kitunguu maji kimoja kikubwa
- maji lita 1.5

Tatizo la kwanza ni bucha, kwa sababu shoka limezoea kukatakata. Wahi kusema kabla halijainuliwa: "Kaka, usinikatie, nataka kipande kizima cha paja kisicho na mfupa." Bucha za mjini zenye friji huita topsaidi. Usilipie steki ya bei mbaya. Mafuta yaliyotawanyika ndani ya mnofu hugeuka ukungu mweupe nyama ikipoa na kisu hukwama humo. Ng'ombe wetu wa kienyeji, mwembamba na aliyetembea, anafaa kabisa kwa kazi hii.

Pangusa nyama ikauke, changanya chumvi na viungo vikavu, paka pande zote, funika, acha kwenye friji usiku mmoja ukiweza. Ukiwa na haraka, saa mbili.

Washa oveni nyuzi 150 za Selsiasi. Kwenye trei yenye kina weka maji, vitunguu vilivyokatwa na saumu iliyopondwa. Juu yake weka wavu, na nyama juu ya wavu, ili majimaji ya nyama yadondokee kwenye maji. Hapo ndipo mchuzi unapozaliwa; hauhitaji unga wala nyanya. Ichome hadi katikati ifike nyuzi 63, kisha itoe na uiache ipumzike angalau dakika tatu. Kwa kipande kinene itachukua saa moja na nusu hadi mbili, lakini usiende kwa saa, nenda kwa kipimajoto. Kipimajoto cha nyama ni chuma kidogo chenye ncha ambacho bei yake haifiki hata nusu ya bei ya nyama utakayoiharibu kwa kubahatisha. Maji yakipungua kwenye trei, ongeza ya moto.

Huna oveni? Tumia sufuria zito. Kaanga nyama pande zote kwa mafuta kidogo hadi iwe kahawia, weka vitunguu na maji yafike robo ya kimo cha nyama, funika, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, kama unavyopika mkate wa kumimina. Igeuze kila nusu saa. Rangi haitakuwa sawa na ya oveni, ladha itakaribia sana.

Nyama ikitoka, ina saa mbili tu za kukaa nje. Ikishatoa moshi wa kwanza, ifunge na iingie kwenye friji ilale humo. Chuja mchuzi kwenye bakuli pana ili upoe upesi, nao uingie friji. Usiweke sufuria la mchuzi wa moto usiku kucha juu ya jiko ukitegemea kuuchemsha asubuhi. Kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Siku ya pili: kisu

Asubuhi mchuzi una utando mgumu wa mafuta juu. Utoe kwa kijiko. Hiyo ndiyo lishe rahisi kuliko zote katika mwongozo huu, sekunde kumi tu, na unaamua mwenyewe kiasi gani kirudi.

Nyama iweke kwenye friza dakika 45 hadi saa moja. Lengo si kuigandisha, ni kuifanya iwe ngumu kama sabuni ya kipande, isikimbie kisu. Kisha itazame vizuri kabla ya kukata. Nyuzi za nyama zinaelekea upande mmoja, kama nyuzi za mkonge. Kata kwa kuzivuka, si kwa kuzifuata. Ukizifuata utapata kamba ndefu ambazo meno hayawezi kuzimaliza; ukizivuka, kila uzi unakuwa mfupi wa milimita moja au mbili na kazi ya kutafuna umeshaifanya wewe kwa kisu. Vibanda vina mashine ya duara inayozunguka. Mimi nina kisu kirefu na subira, na vipande vyangu vinatoka vingine vinene, vingine vyenye tundu. Vyenye tundu ndivyo vitamu.

Chemsha mchuzi hadi utokote barabara, onja, kisha punguza moto mpaka utulie, unatoa mvuke bila mapovu. Ndipo uingize nyama, konzi moja moja, nusu dakika hadi dakika moja, hadi iwe ya moto kote. Hapa ndipo nilipoharibu kilo nzima safari yangu ya kwanza. Nilidhani nyama ikichemka ndani ya mchuzi italainika kama ya supu, nikaiacha itokote robo saa nikipiga soga. Paja halina mafuta wala mishipa mingi ya kuyeyuka. Lilipochemka lilijikunja, likakamua maji yake yote, na tukala vipande vya mkanda vyenye harufu nzuri.

Kama unampikia mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa, choma kipande kizima kifike zaidi ya nyuzi 63 tangu siku ya kwanza na usile nyama yenye uwekundu.

Achari ya Kiitaliano na hoho

Anza hii siku tatu kabla. Kata vidogo karoti mbili, koliflawa nusu, mabua mawili ya seleri, hoho moja na pilipili za kijani ndefu nne au zaidi kulingana na ujasiri wako. Loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji yenye robo kikombe cha chumvi. Asubuhi mwaga, suuza, kamua. Mimina siki nyeupe kikombe kimoja, oregano kijiko cha chai na zeituni chache, acha saa kadhaa zinywe siki, ndipo uongeze mafuta kikombe kimoja. Tia kwenye chupa safi, weka friji, subiri siku mbili.

Friji si hiari. Mboga mbichi, hasa kitunguu saumu, zikifunikwa na mafuta kwenye joto la chumba zinakosa hewa, na pasipo hewa wala asidi ya kutosha huweza kuota kijidudu cha botulizimu, ambacho hakinuki wala hakibadilishi rangi. Ndiyo maana siki inatangulia, saumu mbichi siitii, na chupa ninaimaliza ndani ya wiki mbili.

Hoho ni kazi ndogo. Zikate mapande manene, zipake mafuta kidogo, zichome hadi zilegee na kingo ziwe na weusi.

Mkate

Chicago mikate hii hutoka kwa waokaji wa Kiitaliano kama Gonnella, walioanza mwaka 1886, na Turano. Ni mirefu, gamba lina ukaidi, ndani kuna uzito wa kushika maji. Mkate wa slesi husahau kuwa ulikuwa mkate mara tu uonapo mchuzi. Pwani mna bahati kwa sababu mna bofulo, na mtu aliyelelewa akichovya bofulo kwenye chai keshajua nusu ya somo hili. Chagua wa jana, si wa leo asubuhi; uliokauka kidogo unakunywa bila kusambaratika.

Upasue kwa urefu bila kuutenganisha. Toa nyama kwa koleo ikiwa bado inadondosha, shindilia, hoho juu, achari juu ya hoho. Ukitaka kutosa, bana mkate wote kwa koleo, uzamishe, hesabu moja, mbili, toa. Ukifika tatu utaula kwa kijiko.

Kilichomo

Tuchukue mkate mmoja wa nyumbani: gramu 120 za nyama iliyopikwa, gramu 100 za mkate, vijiko viwili vya achari iliyochujwa mafuta. Nyama ya paja iliyoondolewa mafuta ina protini karibu gramu 29 kwa kila gramu 100, na mafuta gramu 5 hivi. Kwa hiyo hapo nyama inakupa protini gramu 35 na kalori 200 hivi. Mkate unaongeza kalori 270 na wanga zaidi ya gramu 50. Achari inategemea ulivyoichuja, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Jumla inacheza kati ya 550 na 600. Ya kibandani huwa kubwa zaidi, na ya combo huipita kwa mbali, maana soseji ina mafuta mengi.

Nyama hiyo hubeba vitamini B12 karibu yote unayohitaji kwa siku, zinki nyingi, na madini ya chuma miligramu 3 hivi. Mwanamume mzima huhitaji 8 kwa siku, mwanamke wa umri wa kuzaa 18, kwa hiyo mama usiitegemee peke yake. Hoho na mboga zina vitamini C inayosaidia mwili kunyonya chuma kinachotoka kwenye mkate na mboga. Chai ya rangi inafanya kinyume. Iahirishe saa moja.

Adui hapa ni chumvi, na inakuja kutoka pande tatu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani miligramu 2,000 za sodiamu iliyomo ndani ya chumvi hiyo. Mkate peke yake unaweza kuwa na 500 au zaidi. Vile vijiko viwili vya chumvi tulivyopaka nyama, ukivigawa kwa mikate tisa, ni 500 nyingine kama utakunywa mchuzi wote. Ongeza achari. Umefika 1,200 au 1,300 kwa mlo mmoja, na hapo hujaweka kidonge cha dukani cha kukolezea supu, ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi. Usikiweke. Mwenye presha ale iliyokamuliwa, "dry", kwa hoho bila achari, na apunguze chumvi ya kupaka iwe kijiko kimoja. Mwenye jongo auache mchuzi kabisa, maana purini za nyama, zile zinazochochea jongo, huyeyukia humo. Mwenye kisukari tatizo lake ni mkate: nusu mkate, nyama ileile, kachumbari pembeni.

Kuhusu nyama nyekundu kwa jumla, mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na nyama za kusindika kama soseji kwenye kundi la vile vilivyothibitika. Wataalamu wa kinga ya saratani hushauri isizidi gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki. Mikate mitatu hivi, basi, na hakuna nyama nyingine wiki hiyo. Kwangu ni chakula cha Jumamosi moja kwa mwezi, wageni wakiwepo.

Masalio

Nyama iliyokatwa hukaa friji siku tatu au nne, ndani ya mchuzi, si kavu, vinginevyo hukakamaa kingo. Kwenye friza hukaa miezi miwili bila tatizo. Mchuzi unaobaki usiumwage wala usitie chumvi tena: kesho upikie wali badala ya maji, tupia na zile hoho zilizobaki.